Mwongozo kamili wa kupokea na kuongoza watu wa kujitolea katika shirika la huduma kwa jamii

Mashirika mengi ya huduma kwa jamii hupoteza watu wa kujitolea katika majuma machache ya mwanzo, na viongozi huishia kuwalaumu walioondoka: hawakuwa na moyo, walitaka cheti tu, vijana wa siku hizi hawavumilii. Ukiwauliza wenyewe, utasikia mengine kabisa. Walifika wakakuta hakuna anayewatarajia. Walikaa kusubiri kuambiwa la kufanya mpaka saa zao zikaisha. Walikabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyewafundisha, kisha wakakaripiwa walipoikosea. Mtu aliyekuja kwa hiari yake haandiki barua ya kujiuzulu. Siku moja haonekani, na huo ndio mwisho wake.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na tangazo la kutafuta watu, ingawa hapo ndipo wengi huanzia. Unaanza na kazi. Kazi iandaliwe kwanza, watu waitwe baadaye.

Wazo hili lina umri mkubwa. Juni 1859, Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alifika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, baada ya mapigano yaliyoacha maelfu ya majeruhi bila wa kuwahudumia. Katika mji jirani wa Castiglione alishirikiana na wakazi, wengi wao wanawake, kuwafunga vidonda na kuwanywesha maji askari wa pande zote bila kubagua. Huruma ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni maandalizi. Ndiyo maana mwaka 1862 Dunant alipendekeza kwa maandishi kwamba vyama vya misaada viundwe wakati wa amani, vikiwa na watu wa kujitolea waliokwisha kuandaliwa. Mwaka 1863 ikaundwa Geneva kamati ambayo leo ni Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Shirika dogo lenye chumba kimoja na meza mbili linaweza kufuata mantiki hiyohiyo.

Hatua ya 1: Pima kama kazi inamfaa mtu wa kujitolea

Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi waliokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana jinsi ya kuitambua kazi ya kujitolea: haina malipo, si ya lazima, na inafanywa kwa faida ya watu wengine. Vigezo hivi vitatu viliwekwa kwa ajili ya takwimu, lakini ni kipimo kizuri cha kila kazi unayotaka kumpa mtu.

Haina malipo. Basi isiwe kazi ambayo jana ililipwa na leo mnataka ifanywe bure kwa sababu bajeti imepungua. Kumwachisha mwajiriwa kazi na kumweka mtu wa kujitolea kwenye kiti chake huvunja imani ya waajiriwa waliobaki, na katika nchi nyingi huweza kuwaingiza kwenye mgogoro wa sheria za kazi.

Si ya lazima. Mwanafunzi anayetakiwa na chuo kukamilisha saa kadhaa, au mtu aliyeamriwa na mahakama kutumikia jamii, anaweza kuwafaa sana, lakini mwekeeni utaratibu wake. Anahitaji fomu za kusainiwa, taarifa za kupelekwa kwa aliyemtuma, na msimamizi anayejua masharti hayo.

Kwa faida ya wengine. Ukiona kazi yote mliyomwandalia ni kupanga mafaili ya ofisi na kumchukulia chai mkurugenzi, ipange upya.

Kuna kazi nyingine ambazo mimi singempa mtu wa kujitolea hata awe mwema kiasi gani: inayodai leseni ya taaluma wakati yeye hana, kushika fedha taslimu peke yake, na ile ambayo ikikosa mtu siku moja tu, maisha ya mlengwa, yaani mtu mnayemhudumia, yanakuwa hatarini. Hizo ziwe na mwajiriwa, na anayejitolea awe msaidizi.

Hatua ya 2: Andika kazi kwenye karatasi moja

Usiandike "tunahitaji watu wa kutusaidia". Andika kazi moja moja, kila moja na karatasi yake isiyozidi ukurasa, kwa maneno ambayo mtu asiyewajua kabisa ataelewa. Karatasi hiyo itakuwa tangazo lenu, itawaongoza kwenye usaili, itakuwa mtaala wa mafunzo, na ndiyo mtakayoirudia siku mtu atakapofanya kinyume.

Tuchukue mfano wa kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Karatasi iseme: utamtembelea mzee mmoja kila juma, siku ileile, kwa muda wa saa moja. Utazungumza naye, utamsaidia kusoma barua au kupiga simu, utaangalia kama ana chakula na kama dawa alizoandikiwa zipo. Baada ya kila ziara utajaza fomu fupi na kuikabidhi kwa mratibu siku hiyohiyo. Hutampa dawa kwa mkono wako, hutamkopesha wala kupokea fedha, hutatia sahihi hati yoyote kwa niaba yake, hutamleta rafiki yako bila kibali. Ukikuta mlango haufunguliwi au mzee ana hali mbaya, mpigie mratibu kabla hujaondoka. Tunaomba ukae nasi miezi sita, kwa sababu mzee anayezoea sura mpya kila mwezi hatimaye huacha kufungua mlango.

Ona kwamba sehemu ya "hutafanya" ina uzito sawa na ya "utafanya". Matatizo mengi hayaletwi na ubaya wa mtu. Huletwa na wema usio na mipaka: mhudumu anayeanza kutoa fedha zake mfukoni, anayempa mteja namba yake ya simu na kupigiwa usiku wa manane, anayeahidi mambo ambayo shirika halina uwezo wa kuyatimiza. Mipaka iliyoandikwa humlinda yeye kabla ya kumlinda mtu mwingine yeyote.

Eleza pia sababu ya kila katazo. Mtu mzima akiambiwa "usipokee zawadi" bila maelezo huona ni ukali wa bure. Akiambiwa kwamba mzee anayetoa zawadi hufikia mahali pa kuona deni, au kwamba ndugu zake wakija kukuta kitu kimehama nyumbani wa kwanza kushukiwa ni yeye mhudumu, atashika katazo hilo hata msimamizi asipokuwepo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya watu

Mashirika hukosea pande mbili. Mengine huita watu hamsini wakati kazi ipo ya kumi, mengine huwapa watano mzigo wa ishirini mpaka wanachoka. Hesabu ni rahisi. Tuseme mna wazee 20 wa kutembelewa kila juma. Ziara moja ni saa moja, na kwenda, kurudi na kujaza fomu ni nusu saa. Hizo ni saa 30 kwa juma. Ikiwa mtu wa kawaida anaweza kutoa saa tatu, mnahitaji watu kumi. Ongezeni wawili au watatu wa akiba, kwa sababu watu huugua, husafiri na hufiwa.

Kisha geuzeni hesabu upande wa pili: nani atawasimamia hao kumi na tatu? Mratibu akimpa kila mmoja nusu saa tu kwa juma ya kusoma fomu yake na kuzungumza naye, hizo ni zaidi ya saa sita. Kama hakuna mtu mwenye saa sita, hamna nafasi ya watu kumi na tatu. Chukueni watano muwasimamie vizuri.

Hatua ya 4: Mteueni mratibu, mumpe nguvu

Awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina. "Ofisi" haipokei simu saa moja asubuhi mhudumu anapokuta mlango wa mzee umefungwa. Mratibu anaweza kuwa mwajiriwa au mwenyewe akawa anajitolea, mradi ana muda, ana simu inayopatikana, na ana mamlaka ya kusema "hapana" kwa wakuu wa idara wanaotaka kumpora watu wake kwa kazi nyingine. Muwekeni kwenye vikao vya mipango. Mratibu anayesikia habari za mradi mpya siku tatu kabla haujaanza hawezi kuwaandaa watu.

Hatua ya 5: Tengeni fedha

Huduma ya kujitolea haina mshahara, lakini ina gharama. Bajeti iwe na nauli, vifaa vya kazi, sare au vitambulisho, chakula kwa zamu ndefu, mafunzo, muda wa mratibu, na bima pale inapopatikana, ya ajali kwa mhudumu na ya madhara ambayo mtu mwingine anaweza kupata.

Juu ya nauli nina msimamo mkali. Shirika lisilorudisha nauli hujikuta limebaki na wale tu wenye uwezo wa kulipia hisani yao, na watu waliopitia shida zinazofanana na za walengwa, ambao mara nyingi ndio wahudumu bora, hubaki nje. Rudisheni gharama halisi kwa risiti, au kwa kiwango kinacholingana na umbali pale risiti hazitolewi. Mkianza kulipa kiasi kilekile kila mwezi bila kujali mtu ametumia nini, mamlaka za kodi na za kazi huweza kukiona kama mshahara, kwa hiyo ulizeni sheria ya nchi yenu kabla ya kuanzisha posho ya namna hiyo.

Hatua ya 6: Tafuteni watu kwa kuwaomba, si kwa kubandika tangazo tu

Tangazo lina kazi yake, ila njia yenye matokeo ni mtu kumwomba mtu. Wengi wanaojitolea, ukiwauliza walianzaje, watakwambia kuna mtu aliwaomba. Basi kila mhudumu mliye naye mpeni karatasi ile ya kazi na mumwombe awafikirie watu wawili anaoamini wangeiweza. Zungumzeni na waliostaafu, vyuo, nyumba za ibada, vyama vya wataaluma. Msiwasahau waliowahi kupokea huduma yenu: wanajua pengo lilipo kuliko mtu yeyote, lakini wapeni muda wa kusimama wenyewe kwanza, na wasijione wanalipa deni.

Ombi liwe mahususi. "Tunamtafuta mtu wa kumsomea mtoto mmoja kila Jumamosi asubuhi kwa muhula mmoja" humpa msikilizaji nafasi ya kupima kama anaweza. "Njooni mbadilishe maisha" haimpi chochote cha kupima.

Anayejibu ombi lenu ajibiwe ndani ya siku mbili au tatu, hata kama jibu ni "tumepokea, tutakuita mwezi ujao". Hamu ya kujitolea hupoa haraka sana, na ukimya ndio unaoipoza.

Hatua ya 7: Fanyeni usaili, hata kama mnamjua

Baadhi ya viongozi huona haya kumsaili mtu aliyekuja kusaidia bure. Haya hiyo iachwe. Usaili ni heshima kwake, kwani ni ishara kwamba kazi ni ya maana, na ni wajibu kwa walengwa ambao hawana uwezo wa kumchagua anayeingia nyumbani mwao.

Anzeni na fomu fupi: jina, mawasiliano, mtu wa kumpigia wakati wa dharura, siku na saa anazoweza, afya kwa kadiri inavyohusu kazi, na wadhamini wawili wasio ndugu zake. Wapigieni simu hao wadhamini kwelikweli. Swali moja linalofaa kumuuliza mdhamini: ungemwachia mtu huyu awe peke yake na mzazi wako au mtoto wako? Sikiliza jibu, na sikiliza pia anachukua muda gani kulitoa.

Kwenye usaili wenyewe, maswali ya "kwa nini unapenda kujitolea" huzaa majibu yaliyokaririwa. Muulizeni alichowahi kufanya. Nieleze mara ya mwisho ulipomsaidia mtu ambaye hakushukuru, ulifanyaje? Ukifika kwa mzee ukakuta analia na hataki kusema sababu, utafanya nini dakika kumi za kwanza? Mtu akikwambia siri na kukuomba usimwambie yeyote, kisha ukagundua yuko hatarini? Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko yote. Anayesema "nitatunza siri kwa vyovyote" bado anahitaji mafunzo, na asiyetaka kufundishika kwenye jambo hilo asipewe kazi ya kukaa na watu.

Muulizeni pia anataka kupata nini. Kuna anayetaka uzoefu wa kazi, kuna anayetaka marafiki baada ya kuhamia mahali pageni, kuna aliyefiwa na anatafuta pa kupeleka muda wake. Zote ni sababu halali, na ukizijua utampangia kazi itakayomshika. Aliyefiwa karibuni, kwa mfano, ni vizuri asianze kwa kuwahudumia wagonjwa mahututi. Kumpa kazi nyingine kwanza si kumkataa.

Hatua ya 8: Wekeni ulinzi wa walengwa kabla ya ziara ya kwanza

Hatua hii haina njia ya mkato. Watu wenye nia ya kudhuru hutafuta mahali penye watoto, wagonjwa au wazee na uangalizi mdogo, na shirika linalomkaribisha kila mtu kwa mikono miwili bila kuuliza ndilo wanalolipenda. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka rasmi unaopiga marufuku unyonyaji na udhalilishaji wa kingono unaofanywa na watumishi wa umoja huo, ukikataza tendo lolote la ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 na kubadilishana ngono na fedha, ajira, bidhaa au huduma. Mashirika mengi ya misaada yamejiwekea masharti ya namna hiyo. Shirika dogo nalo liyaandike kwa lugha yake na kila mmoja ayasaini, kuanzia mwenyekiti wa bodi hadi dereva.

Mambo ya chini kabisa ni haya. Pale sheria inaporuhusu, ombeni cheti cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Kumbukeni tu kwamba cheti safi kinathibitisha hajawahi kutiwa hatiani, hakithibitishi zaidi ya hapo. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawe wawili, au mlango uwe wazi. Picha za walengwa zisipigwe kwa simu binafsi wala kuwekwa mitandaoni bila ridhaa, na kwa mtoto bila ridhaa ya mlezi pia. Habari za mlengwa zibaki kazini. Na kuwe na mtu anayejulikana wa kupelekewa malalamiko, pamoja na wa pili, endapo anayelalamikiwa ni yule wa kwanza. Walengwa wenyewe wajulishwe kwa lugha yao: mhudumu wetu hana haki ya kukudai chochote, na ukiona jambo baya pa kusema ni hapa.

Malalamiko yakija, msimamisheni mhusika kwanza bila kumhukumu, mlindeni aliyelalamika, andikeni kila kitu siku hiyohiyo, na kama ni kosa la jinai lipelekeni kwa vyombo vya sheria. Shirika linalochunguza jinai lenyewe chumbani ili kulinda jina lake hupoteza vyote viwili, jina na watu.

Neno kuhusu vituo vya kulelea watoto. Kuwapokea wageni wa majuma mawili wakae na kucheza na watoto wasio na wazazi, kisha waondoke na kupokewa wengine, kunawaumiza watoto hao, kwa sababu wanajenga ukaribu na watu wanaopotea mmoja baada ya mwingine. Katika azimio lake la haki za mtoto la Desemba 2019, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zishughulikie madhara ya programu za kujitolea katika vituo hivyo, zikiwemo za kitalii. Kama wageni hao wana ujuzi, wautumie kuwafundisha walezi wa kudumu, na watoto wabaki na sura wanazozijua.

Hatua ya 9: Fundisheni kwa vitendo

Siku ya utambulisho isijae historia ya mwanzilishi. Mtu mpya anataka kujua choo kiko wapi, amwite nani kwa jina gani, zamu inaanza saa ngapi, afanye nini moto ukitokea, na kazi iliyofanywa vizuri inaonekanaje. Historia na katiba atasoma baadaye, akishapenda kukaa.

Baada ya hapo aambatane na mwenyeji, yaani mhudumu aliyekwisha kuizoea kazi. Ziara ya kwanza atazame tu, ya pili wafanye pamoja, ya tatu afanye yeye na mwenyeji atazame. Kwa kazi za kusikiliza watu wenye msongo au waliofiwa, igizeni hali zenyewe: mmoja awe mlengwa, mwingine mhudumu, wa tatu atazame na kutoa maoni. Kasisi Chad Varah alipoanzisha huduma ya Samaritans huko London mwaka 1953 kwa ajili ya watu waliofikiria kujiua, ilionekana mapema kwamba watu wa kawaida wa kujitolea waliokaa na wageni na kuwasikiliza walikuwa msaada mkubwa wao wenyewe, na wengi hawakuhitaji zaidi ya hapo. Kusikiliza kunafundishika, na kunahitaji mazoezi kama ujuzi mwingine wowote.

Wekeni kipindi cha majaribio cha mwezi mmoja hadi mitatu, na mwisho wake kuwe na mazungumzo ya kweli: wewe unaonaje, sisi tunaonaje, tuendelee, tubadilishe kazi, au tuagane kwa amani?

Hatua ya 10: Simamieni bila kunyanyasa

Ratiba ya zamu itoke mapema na kila mtu aipate. Kuwe na utaratibu unaojulikana wa kutoa taarifa mtu asipoweza kuja, na mtu wa akiba wa kupigiwa. Daftari la mahudhurio lijazwe kila siku. Litawasaidia kwenye taarifa kwa wafadhili, kwenye madai ya bima na kwenye barua za utambulisho ambazo watu watawaomba miaka mitatu baadaye.

Kila mhudumu azungumze na mratibu faragha angalau mara moja kwa mwezi. Anayekaa na wagonjwa au waliodhulumiwa azungumze mara nyingi zaidi, kwani hubeba mambo mazito na mara nyingi hasemi mpaka aulizwe. Dalili za kuchoka ni hizi: anaanza kuchelewa wakati hakuwa mchelewaji, anawasema walengwa kwa ukali, au kinyume chake, hataki kupumzika na anaamini bila yeye kila kitu kitaanguka. Huyu wa mwisho mpeni likizo ya lazima.

Mtu akikosea, mwambieni mapema, peke yake, kwa kutaja tendo na si tabia. "Juma lililopita hukujaza fomu ya ziara mbili, kulikuwa na shida gani?" Mara nyingi mtagundua fomu ni ndefu mno. Akiendelea baada ya kuzungumza naye na kufundishwa upya, mbadilishieni kazi. Ikishindikana, aganeni naye kwa heshima. Mashirika huogopa sana hatua hii kwa kuwa mtu "anasaidia bure", huku wenzake wakimtazama anavyovuruga kazi na kuanza kuondoka kimyakimya. Wanaoondoka hivyo kwa kawaida ndio wazuri.

Waajiriwa nao waandaliwe. Wasipoeleweshwa, humwona anayejitolea kama tishio kwa ajira zao au kama mtoto wa kutumwa. Kaeni nao kabla watu hawajafika, waonyesheni mipaka ya kazi za kila upande, na msimamizi wa kila zamu ajue kwamba kumwelekeza mtu wa kujitolea ni sehemu ya kazi yake rasmi. Mwiteni kila mtu kwa jina. Kikao cha wafanyakazi kikihusu kazi anayoifanya, mkaribisheni.

Wajumbe wa bodi pia ni watu wa kujitolea, jambo linalosahaulika. Nao wanahitaji karatasi ya kazi, mafunzo na muda maalumu wa kutumikia. Tena dhamana yao ni nzito zaidi, kwa sababu mbele ya sheria ndio wanaoulizwa fedha zilikwenda wapi.

Wakati wa maafa

Mafuriko, moto au tetemeko likitokea, watu hufika wenyewe kwa mamia bila kuitwa. Kuwafukuza ni kosa, kuwaachia wajiingize popote ni hatari. Wekeni meza moja ya mapokezi mbali kidogo na eneo la tukio. Kila anayefika aandikwe jina, simu, ujuzi na muda alionao, apewe alama ya kuvaa, aelezwe hatari kwa dakika tano, kisha aunganishwe kwenye kundi dogo lenye kiongozi mmoja anayelijua shirika. Wapeni kazi zisizohitaji mafunzo marefu: kufungasha, kubeba, kusajili familia, kugawa maji. Anayedai ni daktari au fundi umeme aonyeshe uthibitisho kwanza. Jioni wote wahesabiwe wanapotoka, mjue hakuna aliyebaki ndani.

Shukrani, na kuagana

Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Kujitolea, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na mashirika mengi huitumia kutoa vyeti. Vyeti ni vizuri, ila vikija mara moja kwa mwaka baada ya miezi kumi na moja ya kutosemeshwa, haviponyi kitu. Shukrani inayomfikia mtu ni ile inayotaja alichofanya: "Yule mzee uliyekuwa ukimsomea barua amepata mafao yake, kwa sababu uligundua ile barua ya kwanza." Rudisheni habari za matokeo kwa waliofanya kazi, kila mara, kwa kadiri siri za walengwa zinavyoruhusu.

Mtu akiondoka, kaeni naye nusu saa. Muulizeni kilichomfurahisha, kilichomchosha, na kama angempeleka rafiki yake kwenu. Mpeni barua inayoeleza kazi aliyofanya na muda alioifanya. Mlengwa aambiwe mapema kwamba mhudumu wake anaondoka, amwone anayempokea, na wote watatu wakae pamoja angalau mara moja.

Kama wewe ndiye unayetaka kujitolea

Hatua zote hizo zigeuze ziwe maswali, uulize kabla ya kukubali. Kazi yangu imeandikwa wapi? Nani atanisimamia, na simu yake ni ipi? Nauli yangu inarudishwa? Nikiumia kazini nani anahusika? Nikiona mtoto au mgonjwa anadhulumiwa nimwambie nani? Shirika limesajiliwa, na naweza kuona taarifa yake ya fedha ya mwaka jana? Jihadhari na shirika linalokudai fedha nyingi ili ukubaliwe huku likishindwa kueleza zinakwenda wapi, na lile linalokupeleka kwa watoto siku ya kwanza bila hata kuuliza kitambulisho chako.

Kisha ahidi kidogo. Saa mbili kwa juma utakazozitimiza zina faida kuliko siku tatu utakazoziacha mwezi wa pili. Ukishindwa kuja, sema mapema iwezekanavyo, kwa sababu upande wa pili kuna mtu aliyekaa anakusubiri. Na ukiona huwezi kuendelea kabisa, mpe mratibu majuma mawili au matatu ya kutafuta mwingine, umwandikie anayekupokea unayoyajua: mlengwa anapenda kuitwaje, anasikia kwa sikio lipi, na ziara ijayo ni lini.